Mwanachuo katika Ofisi ya Utumishi: Funzo kwa Mwalimu wa Shule ya Msingi

Madhumuni ya makala haya ni kuwaelekeza walimu-wanafunzi, hasa wale wanaojitayarisha kwenda katika mazoezi ya kufundisha, walitazame upya jambo moja ambalo aghalabu hupitwa kwa haraka, nalo ni uandikaji wa jina na umri wa mtoto katika madaftari ya shule. Huenda msomaji akastaajabu kuona kwamba jambo hili hatulianzii darasani, bali katika ofisi ya utumishi ya kampuni moja kubwa jijini Dar es Salaam. Tunazo sababu mbili. Kwanza, mtu anayejifunza kazi akiwa kazini hupita njia ileile, awe anajifunza ualimu au utumishi. Kwa hiyo tunaweza kuchota mbinu huko tukazileta kwetu. Pili, yale anayoyaandika mwalimu wa darasa la kwanza hayaishii shuleni. Humfuata mtoto mpaka siku anapostaafu.

Sisi tunakaa Mbweni, kata iliyo ufukoni kaskazini mwa Wilaya ya Kinondoni. Zamani hapa palikuwa kijiji cha wavuvi na wakulima wa minazi. Leo pamejaa nyumba za wafanyakazi ambao kila alfajiri hutoka kuelekea mjini na kurudi usiku. Binti wa jirani yetu ni mwanachuo wa stashahada ya usimamizi wa rasilimali watu katika chuo kimoja cha jijini. Mwaka uliopita chuo chake kilimpeleka kwa wiki 8 katika ofisi ya utumishi ya kampuni iliyo katika eneo la viwanda la Barabara ya Nyerere, ile ambayo wazee bado huiita Pugu Road. Alitoka nyumbani kabla ya adhana ya alfajiri, akabadili gari mara mbili, na jioni akirudi alipita kwetu na daftari lake. Ripoti ya chuo ilitakiwa kwa Kiingereza, lakini kumbukumbu zake za kila siku aliziandika kwanza kwa Kiswahili, naye alituomba tuzipitie ili mawazo yapangike kabla hayajahamia katika lugha nyingine. Ndivyo tulivyopata kuifuata kazi yake hatua kwa hatua.

Utumishi ni nini?

Kabla hatujaendelea, yafaa tueleze kwa ufupi ofisi hii inafanya kazi gani, kwa maana wanachuo wetu wengi huijua kwa jina tu. Katika miaka ya 1970 na 1980 mashirika ya umma yalikuwa na Ofisa Utumishi au Meneja Utumishi. Siku hizi makampuni mengi husema Afisa Rasilimali Watu. Jina limebadilika, na wapo wasiolipenda jina jipya kwa kuwa linamweka mtu katika kundi moja na mali. Lakini kazi yenyewe haikubadilika sana. Ni kumwajiri mtu, kumwandikisha, kumpa mkataba, kuhesabu likizo zake, kusikiliza malalamiko yake, kumwendeleza kwa mafunzo, na mwishowe kumwaga kwa heshima akiwa na haki zake mkononi.

Kazi hiyo ina sheria yake. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya maandishi yanayotaja, pamoja na mambo mengine, jina lake, umri, anwani ya kudumu na jinsia, mahali alipoajiriwa, kazi atakayoifanya, tarehe ya kuanza, saa za kazi na ujira. Maelezo hayo hayana budi kutunzwa kwa miaka 5 hata baada ya ajira kukoma. Sheria hiyohiyo inaweka kikomo cha saa 45 za kawaida kwa wiki na likizo ya mwaka ya siku 28. Tunaomba mwalimu-mwanafunzi azingatie kwamba katika orodha hiyo ndefu, mambo ya kwanza kabisa ni jina na umri. Haya mawili kampuni haiyatungi. Huyapokea kutoka katika vyeti, na cheti cha kwanza cha Watanzania wengi ni kile cha shule ya msingi.

Wiki mbili za mwanzo

Kumbukumbu za mwanachuo wetu katika wiki mbili za mwanzo ni fupi mno. Siku moja ameandika: "Nimetoa nakala za fomu. Nimepeleka bahasha ghorofa ya pili." Siku iliyofuata: "Nimetoa nakala za fomu. Nimeagizwa chai." Siku ya nne ameandika maneno mawili tu, "Kama jana."

Hatuyaelezi haya ili kuilaumu ofisi hiyo. Tulipomhoji tulitambua kwamba hapakuwa na mtu aliyemtendea ubaya. Maofisa walikuwa na shughuli nyingi. Majalada ya wafanyakazi yana siri, hivyo kila mmoja aliona heri mgeni akae mbali nayo. Barua ya chuo ilisema tu kwamba mwanachuo apokewe ajifunze, bila kutaja ajifunze nini katika wiki ya kwanza na nini katika wiki ya tano. Yeye mwenyewe naye, kwa haya ya ugeni, alikuwa akiamkia, akikaa kwenye kiti chake karibu na mashine, na kusubiri kuitwa. Kila upande ulikuwa na sababu yake, na matokeo yake ni kijana aliyesafiri saa mbili kwenda na saa mbili kurudi ili asimame mbele ya mashine ya kutolea nakala.

Msomaji aliyekwisha kwenda katika mazoezi ya kufundisha ataitambua hali hii. Kuna mwalimu-mwanafunzi anayefika shuleni akakabidhiwa darasa la watoto zaidi ya mia moja siku ya kwanza, na mwalimu wa darasa akaondoka kwenda kupumzika. Kuna mwingine anayefanywa tarishi wa ofisi ya walimu. Hawa wawili huonekana kuwa na mikosi iliyo tofauti, mmoja ameelemewa na mwingine hana kazi. Lakini kasoro ni moja. Hakuna aliyeketi nao kuwafundisha. Kuwa mahali pa kazi si kujifunza kazi, kama vile kukaa pwani si kujua kuogelea.

Nchi yetu imelifikiria jambo hili kwa muda mrefu. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere alitoa andiko lake la Elimu ya Kujitegemea, lililotaka shule iungane na kazi. Mwaka 1974 Azimio la Musoma liliweka sharti kwamba wahitimu wa kidato cha sita wafanye kazi walau miaka miwili kabla ya kuingia Chuo Kikuu, na waajiri wao watoe maoni juu ya mwenendo wao. Baadaye sharti hilo lililegezwa na hatimaye kuachwa. Leo mafunzo kwa vitendo yamo katika mitaala ya vyuo vingi, nayo ni mrithi wa wazo lilelile. Lakini sharti linaweza kumfikisha kijana mlangoni tu. Kinachofuata ndani hutegemea mtu mmoja mwenye subira.

Mama wa masjala

Mtu huyo, kwa bahati njema, alikuwapo. Katika wiki ya tatu karani mkuu wa masjala, mama wa makamo aliyekuwa amebakiza miaka michache astaafu, aliomba apewe msaidizi wa kupanga upya majalada, kwa kuwa kampuni ilikuwa ikihamisha kumbukumbu zake kwenda katika kompyuta. Maofisa wakamtoa mwanachuo wetu kwa furaha. Tunanakili hapa kama alivyotusimulia.

Mama yule alimpa kiti kando yake, akaweka mbele yake jalada moja, akasema, "Binti yangu, usiniambie mliyoyasoma chuoni. Niambie unachokiona humu."

"Naona karatasi za likizo, Mama."

"Za nani?"

"Za mzee mmoja wa karakana."

"Umejuaje kuwa ni mmoja?"

Binti akafungua tena. Akasoma jina katika karatasi ya kwanza, kisha ya pili, kisha katika mkataba, kisha katika nakala ya cheti. Ndipo alipoona kwamba jina la baba halikuandikwa sawasawa kila mahali. Tuchukue mfano: mahali pamoja ni Salumu, mahali pengine ni Salimu. Na mwaka wa kuzaliwa, katika kitambulisho cha taifa ulikuwa 1966, na katika cheti cha shule 1969.

Jina halisi la mzee huyo sisi hatulijui, wala hatukuliuliza. Hilo nalo ni sehemu ya mafunzo ya mwanachuo wetu. Siku hiyohiyo mama wa masjala alimwonya kwamba yaliyomo jaladani hayatoki nje ya chumba, hayapigwi picha kwa simu, na hayazungumzwi kwenye daladala. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeliwekea jambo hili nguvu ya dola. Lakini mama yule alikuwa akilifuata tangu zamani kwa adabu tu.

Tukiichambua namna alivyomfundisha katika wiki zilizofuata, tunaona hatua nne zilizopangika vizuri, ingawa yeye hakuwahi kusoma somo la mbinu za kufundisha.

Hatua ya kwanza ilikuwa kutazama. Kwa siku mbili binti hakuruhusiwa kuandika chochote. Alipewa majalada 10 na kuulizwa anaona nini, kipi kimepungua, kipi kimerudiwa. Mama hakumpa jibu. Alimrudishia jalada na kumwambia atazame tena.

Hatua ya pili ilikuwa kutenda pamoja. Walipanga majalada wakiwa wamekaa meza moja, mama akisema kwa sauti kile anachofikiri: "Barua hii ya onyo imeisha muda wake, lakini siitupi, naiweka nyuma." Kwa njia hii mwanafunzi aliona kazi ya mikono, na pia aliisikia kazi ya akili, ambayo kwa kawaida haionekani.

Hatua ya tatu ilikuwa kutenda chini ya uangalizi. Binti alipewa sehemu ya rafu iwe yake. Jioni mama alichomoa majalada matatu bila kuchagua, akayakagua mbele yake.

Hatua ya nne ilikuwa kueleza. Alipokuja mwanachuo mwingine kutoka chuo tofauti, mama alimwagiza binti amfundishe mgeni huyo, naye akakaa pembeni akisikiliza. Mwanachuo wetu alituambia kwamba siku hiyo ndipo alipotambua yale aliyoyajua na yale aliyodhani anayajua.

Tunawasihi walimu-wanafunzi wazishike hatua hizi, kwanza wao wenyewe wanapokuwa katika mazoezi. Wiki ya kwanza keti nyuma ya darasa utazame, na uandike unachokiona wala si unachokifikiri. Kisha omba kufundisha sehemu ya kipindi pamoja na mwalimu wa darasa. Kisha fundisha kipindi kizima akiwapo, na baada ya kipindi mzungumze akiwa na andalio lako la somo mkononi. Mwisho, mweleze mwenzako kwa nini ulifanya vile ulivyofanya. Usingoje kuitwa. Mwende mwalimu wa darasa kwa heshima umwombe, "Mwalimu, naomba unitazame kipindi cha kesho, kisha uniambie." Walimu wengi wenye uzoefu hawakatai ombi la namna hiyo, hukataa tu kumfuata mtu asiyeuliza.

Mzee mmoja, majina mawili

Turudi kwenye lile jalada. Mzee wa karakana alikuwa anakaribia umri wa miaka 60, ambao ndio umri wa kustaafu kwa lazima. Kwa hiari mtu anaweza kustaafu akiwa na 55. Kwa miaka mingi kampuni na yeye walikuwa wakichangia katika Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, NSSF, mfuko uliochukua mahali pa ule wa akiba wa wafanyakazi ulioanzishwa mwaka 1964. Kwa pamoja michango hiyo ni asilimia 20 ya mshahara wa kila mwezi. Ni fedha nyingi kwa mtu wa karakana. Lakini zilichangwa kwa jina lililotoka katika cheti cha shule, ilhali kitambulisho cha taifa kilibeba jina ambalo mzee mwenyewe alilitaja. Kwa macho ya karatasi, aliyechanga ni mtu mmoja na atakayekwenda kudai ni mwingine. Tena, kwa cheti kile, alikuwa bado ana miaka 3 ya kufanya kazi ambayo mgongo wake usingeiweza.

Aliitwa masjala. Mwanachuo ameandika kwamba alisimama mlangoni ameshika kofia, akaamkiwa, akaitika, akakataa kiti. Alipoelezwa alikaa kimya kwa muda, kisha akasema, "Binti yangu, mimi ni mmoja. Huyo wa pili mmemzaa ninyi humu ofisini."

Mama wa masjala hakukasirika. Alimjibu kwamba huyo wa pili hakuzaliwa humu, alikuja na cheti. Kwa hiyo yampasa mzee aende alikozaliwa, shuleni kwake, wilayani Kisarawe, akaulize kama daftari la uandikishaji bado lipo. Akampa barua. Mzee akaomba ruhusa ya siku mbili.

Daftari lilikuwapo. Mwalimu mkuu alilitoa kabatini likiwa limeliwa pembeni na mchwa, lakini ukurasa wa mwaka 1977 ulisomeka. Jina la mzee lilikuwa limeandikwa kwa herufi zilizosimama wima, majina yote matatu, la baba likiwa sahihi. Mwaka wa kuzaliwa uliandikwa 1966, na pembeni, kwa wino uleule, maneno machache: mama yake asema mtoto huyu alikuwa ananyonya Azimio la Arusha lilipotangazwa. Azimio lilitangazwa Februari 1967. Kosa, basi, halikufanywa na mwalimu aliyemwandikisha. Lilifanywa miaka kadhaa baadaye na mtu aliyenakili orodha bila kulitazama daftari.

Mwalimu mkuu alimweleza mzee kwamba mwandiko ule ulikuwa wa mmoja wa walimu wa UPE. Msomaji kijana huenda asijue uzito wa maneno hayo. Baada ya Azimio la Musoma, taifa liliamua kuwaingiza watoto wote shuleni ifikapo mwaka 1977, na vyuo vya ualimu havikuweza kutoa walimu wa kutosha kwa muda mfupi hivyo. Kuanzia mwaka 1976 walichukuliwa vijana waliomaliza darasa la saba, wakafundishwa ualimu hukohuko vijijini: wakifundisha madarasa ya chini, wakisoma kwa posta na redio, wakisimamiwa na walimu wenye uzoefu. Walikuwa makumi ya maelfu. Kwa miaka mingi jina la "mwalimu wa UPE" lilitumika kwa dharau, kana kwamba maana yake ni mwalimu asiyejua. Hatukatai kwamba mafunzo yao yalikuwa na upungufu mkubwa. Lakini mmoja wao, akiwa yeye mwenyewe bado mwanafunzi wa kazi, alimhoji mama mmoja kwa makini, akapata tukio la kuupimia mwaka, na akaandika jinsi alivyoujua. Daftari lake lilifaa kitu baada ya karibu miaka 50.

Kutokana na ushahidi huo mzee aliapa hati ya kiapo juu ya majina yake, kampuni ikaambatisha nakala ya ukurasa wa daftari na barua ya mwalimu mkuu, na maombi ya kusahihisha kumbukumbu yakapelekwa. Wiki 8 za mwanachuo wetu zilikwisha kabla ya majibu kurudi. Hata hivyo jalada lilikuwa na kitu ambacho halikuwa nacho kabla, yaani ushahidi ulioandikwa siku zile zile.

Isidhaniwe kwamba kisa hiki ni cha mtu mmoja. Miaka ya 2016 na 2017 Serikali iliendesha uhakiki wa watumishi wa umma na vyeti vyao. Aprili 2017, mjini Dodoma, Rais John Magufuli alipokea taarifa iliyoonyesha kwamba watumishi 9,932 walikuwa na vyeti vya kughushi, nao wakaondolewa kazini. Mwaka 2022 Serikali iliamua kuwarejeshea michango waliyokatwa katika mishahara yao. Kughushi ni jambo moja, na kosa la mwandishi ni jambo jingine kabisa. Lakini wakati wa uhakiki wote wawili husimama katika foleni moja, na mwenye kosa asilolifanya hana cha kujitetea isipokuwa daftari fulani, katika kabati fulani, lililoandikwa na mwalimu aliyejali.

Mambo ya kufanya shuleni

Kutokana na hayo tunapendekeza mambo yafuatayo kwa mwalimu-mwanafunzi.

Kwanza, mwandikishapo mtoto, soma jina katika cheti cha kuzaliwa kama kipo, kisha mwombe mzazi alitamke, nawe umsomee ulichoandika. Usilisahihishe jina la mtu kwa kufuata ladha yako. Athumani asigeuzwe Othman, wala Yohana asigeuzwe John, kwa kuwa tu mwalimu ameona hivyo ni bora. Tahadhari zaidi na herufi "r" na "l", ambazo katika lahaja nyingi hubadilishana: Rukia na Lukia, mbele ya kompyuta, ni watu wawili.

Pili, umri usikisiwe ili mtoto alingane na darasa. Pasipo cheti, tafuta tukio ambalo familia inalikumbuka, kama yule mwalimu alivyofanya, na uandike jinsi ulivyoujua mwaka huo.

Tatu, kumbuka kwamba siku hizi taarifa za mwanafunzi huingizwa katika mfumo wa PReM wa Baraza la Mitihani la Tanzania, na namba anayopewa humfuata anapohama na anapoendelea na masomo. Zamani kosa lilikaa katika daftari moja. Leo husafiri kwa kasi zaidi kuliko mtoto mwenyewe. Soma orodha mara mbili pamoja na mwenzako, mmoja akitamka na mwingine akifuata kwa kidole, kabla haijatumwa.

Nne, linda siri za watoto. Yaliyomo katika daftari, iwe ni baba asiyejulikana, ni maradhi au ni umaskini wa nyumbani, si mazungumzo ya ofisi ya walimu.

Tano, lifanye jambo hili kuwa somo. Katika Kiswahili cha darasa la tano au la sita, mwalimu anaweza kuandaa vipindi viwili juu ya ujazaji wa fomu. Zana ni karatasi zilizochorwa mistari na nafasi za jina, tarehe ya kuzaliwa, kijiji au mtaa, na ndugu wa karibu. Kipindi cha kwanza, watoto waulize nyumbani majina yao kamili na maana yake, kisha wayaandike kwa herufi kubwa, herufi moja katika chumba kimoja. Kipindi cha pili, darasa ligeuzwe ofisi: mtoto mmoja ni karani, mwingine ni mwombaji wa kazi. Karani ajaze fomu kwa kusikiliza tu, kisha mwombaji aikague. Makosa yatakayotokea yasichekwe. Yaandikwe ubaoni na darasa lijadili kila kosa lingeweza kumgharimu nini mwenye jina. Tumelijaribu zoezi hili pamoja na wanachuo wetu katika shule ya mazoezi, na watoto walilipenda kwa sababu habari zilizosomwa zilikuwa zao wenyewe. Msichana mmoja wa darasa la sita aligundua kwamba jina la babu yake lilikuwa limeandikwa vibaya katika daftari la mahudhurio tangu darasa la pili. Lilisahihishwa siku hiyohiyo. Kazi hiyo ilichukua dakika tano.

Hitimisho

Mwanachuo wa utumishi alipeleka ripoti yake chuoni, ikiwa na sura moja juu ya utunzaji wa kumbukumbu na bila jina hata moja la mfanyakazi. Anasema akiajiriwa ataomba kuanzia masjala, mahali ambapo wenzake wengi hupakimbia. Sisi tumejifunza kutoka kwake kwamba mafunzo ya kazini hayategemei ukubwa wa kampuni wala uzuri wa jengo. Hutegemea kuwapo kwa mtu anayejua kazi yake na aliye tayari kumwuliza mgeni, "Unaona nini?", kisha akasubiri jibu.

Ndugu mwalimu-mwanafunzi, muda si mrefu utakabidhiwa daftari la mahudhurio na kalamu. Mbele yako watakaa watoto ambao baadhi yao watakuwa mafundi, wauguzi, madereva, na baadhi watastaafu mwaka ambao wewe na sisi hatutakuwapo. Hakuna ofisa wa kampuni yoyote atakayekaa nao akiwa na nafasi uliyo nayo wewe ya kuwauliza wazazi wao uso kwa uso. Andika polepole. Soma ulichoandika. Kisha uanze kufundisha.